Siku Tuliyonyamaza Hotelini

Wiki mbili zilizopita mdogo wetu mmoja wa Nakivale aliuliza hapa kwenye grupu: kazi ya hoteli Kampala inapatikanaje, na ikoje? Chini yake dada mmoja wa shirika akaandika kwamba anawatafutia vijana nafasi, lakini wenye hoteli wanamwambia wakimbizi wana shida ya atityudi. Watu wakamjibu kwa hasira, wengine wakaweka vicheko. Sisi tulisoma usiku tukitoka kazini, tukanyamaza. Kunyamaza kwetu kuna sababu, mtaiona mbele.

Leo ni siku yetu ya ofu. Tumekaa Masajja nyumbani kwa mmoja wetu, chai ipo, mmoja anachapa kwenye simu na wengine wanamsahihisha. Mkikuta Kiswahili kinabadilika katikati msishangae, hapa kuna wa Bukavu, wa Uvira na wa Bunia, na kila mmoja anasema lugha yake ndiyo iliyonyooka.

Tulianza tukiwa saba. Mwaka 2023 shirika moja lilitufundisha wiki mbili, tukapewa vyeti, tukapigwa picha tumevaa fulana, na hoteli moja ya vyumba 34 upande wa kusini wa mji ikatuchukua wote. Jina la hoteli hatutaji. Bado tunakula pale. Watatu waliwekwa vyumbani, wawili jikoni, mmoja londri, mmoja getini.

Mdogo wetu, kazi ya chumba ina mpango wake. Unagonga mara tatu, unasema wewe ni nani, unangoja, unagonga tena. Ukiingia unafungua pazia upate mwanga, halafu unatia dawa chooni ikae ikifanya kazi wakati wewe unatoa shuka. Shuka zinatolewa moja moja na kukung'utwa, maana humo ndimo hujificha simu, hereni, miwani, hata meno ya bandia (tumewahi kuyaokota). Vumbi linafutwa kutoka juu kushuka chini, na chumba kinazungukwa upande mmoja tu, kama mshale wa saa, ili usiruke kitu. Pembe za shuka zinakunjwa kama bahasha. Sakafu ni ya mwisho, unaipiga deki ukirudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Kama mgeni bado yupo, chumba kinakula dakika 25. Kama ameondoka, 40 au zaidi. Kila mmoja alikuwa na vyumba 11 au 12 kwa siku. Mgongo unalia wiki ya kwanza, wiki ya pili unalia kidogo, baadaye unazoea. Mama mmoja Mganda wa Masaka, aliye hotelini pale miaka 11, ndiye aliyetufundisha kukunja magoti badala ya kukunja mgongo. Cheti chetu hakikuwa na hilo.

Mikono ilijifunza haraka. Sura ndiyo ilitusumbua.

Kwetu mtoto akiongea na mkubwa hamkazii macho. Unashusha macho, unapokea kwa mikono miwili, unajibu kwa sauti ya chini. Hiyo ndiyo heshima, na asiyeijua anaambiwa hakulelewa. Hotelini tukafundishwa kinyume chake. Kuna kanuni wanaiita ya kumi na tano: mgeni akiwa futi kumi kutoka ulipo unamwangalia machoni na kutabasamu, akifika futi tano unamsalimia. Mwalimu aliitamka haraka haraka, na mwenzetu wa getini akaelewa ni futi kumi na tano, siku nzima akawa anasalimia watu walio mbali wasiomsikia. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Lakini yule mwenzetu mwingine aliyepita pembeni ya mgeni mzee ameshusha macho kwa adabu yote aliyofundishwa na bibi yake, aliitwa ofisini. Mgeni alikuwa amelalamika kwamba amedharauliwa. Meneja akamuuliza kwa Kiingereza kwa nini hana furaha. Mtu unajibu nini hapo?

Kulikuwa na kingine. Mkongomani akiaibika hucheka kidogo. Siyo kicheko cha raha, ni cha kuomba udongo ufunguke. Siku moja mmoja wetu wa jikoni alimwaga supu mezani karibu na mgeni, akatoa kile kicheko. Mgeni akawaka. Akaandika kwenye ule mtandao wa kukodi vyumba kwamba wahudumu wanawacheka wateja. Nyota mbili. Meneja aliibandika ukutani jikoni kwa mwezi mzima.

Hii ndiyo waliyoiita atityudi. Na hatukatai kwamba mengine tulistahili. Tulichelewa. Tuliongea Kiswahili kwenye korido mbele ya wenzetu Waganda tukijua hawasikii vizuri, na kwa wengi wao Kiswahili bado kina harufu ya askari wa zamani, kwa hiyo walidhani tunawasengenya. Mara nyingine ni kweli tulikuwa tunawasengenya. Tulibeba vipande vya sabuni nyumbani, na siyo vile vilivyotumika tu. Tusijifanye malaika.

Sasa upande wa pili, upande ambao hakuna aliyetulalamikia hata siku moja. Wote tulitoka kwetu kwa barabara. Kwenye vizuizi, mpaka kufika mpakani, mwili unajifunza: askari akisema, usijibu. Akitukana, usijibu. Usiulize kwa nini. Toa karatasi, angalia chini, ngoja. Mwili haukusahau tulipofika Kampala. Meneja akibadilisha rosta usiku, tukaambiwa asubuhi kwamba hakuna ofu, hatukuuliza. Saa za ziada zikipita bila malipo, hatukuuliza. Wenzetu Waganda waliuliza, angalau kwa kunung'unika. Sisi hapana, na tulisifiwa kwa hilo. Kwenye kikao kimoja meneja alisema mbele ya wote, "Igeni nidhamu ya hawa Wakongo." Tulifurahi, yani tulifurahi kweli, usiku tukawaambia watu wa nyumbani.

Ni macho yaleyale na kimya kilekile. Mbele ya mgeni kiliitwa atityudi mbaya, mbele ya mkubwa kikaitwa nidhamu.

Mshahara wetu ulikuwa shilingi 280,000 kwa mwezi. Msishangae. Kima cha chini cha mshahara Uganda kiliwekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, na tangu hapo hakijapandishwa, kwa hiyo kila mwenye hoteli anapanga mwenyewe. Katika hiyo 280,000 yanatoka makato. Taulo likipotea, 25,000. Glasi ikivunjika, 5,000. Asipojulikana aliyevunja, zamu nzima inakatwa.

Makato hayo ndiyo yaliyotufundisha tabia kuliko mwalimu yeyote. Mtu akivunja glasi hasemi, anaifunga kwenye gazeti na kuitupa mbali, na siku nyingine vigae vyake vinamkata mzoa taka. Jioni wakihesabu taulo, ghorofa ya pili inaiba za ghorofa ya kwanza ili hesabu itimie, na ghorofa ya kwanza inakwenda londri kuiba zilizo bado na maji. Tulikuwa tunaibiana vitu ambavyo si vyetu sote, kila jioni, na asubuhi tunasalimiana vizuri. Mgeni akipewa taulo bichi anasema wafanyakazi wazembe. Tuliwahi kusikia kwenye semina kwamba Ritz-Carlton, ile kampuni kubwa ya hoteli, inajulikana kwa kumruhusu mfanyakazi yeyote, hata wa vyumba, kutumia mpaka dola 2,000 kutatua shida ya mgeni mmoja bila kwanza kuomba ruhusa kwa bosi. Mwenzetu wa londri aliuliza kama dola hizo zinaweza kununua taulo. Watu walicheka, lakini yeye hakuwa anatania. Mtu anayeaminiwa kwa dola 2,000 na mtu anayekatwa 25,000 kwa taulo hawawezi kutabasamu sawa, hata ukiwafundisha miaka miwili.

Sasa tufike pale tulipotaka kufika.

Katika wale watatu wa vyumbani, mmoja alikuwa mkubwa wetu. Tulimwita Yaya, kwa maana yetu ya Kongo, dada mkubwa, siyo mlezi wa watoto kama wanavyosema Nairobi. Ana mtoto mmoja. Kwetu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kifaransa chake kilikuwa safi, Kiswahili chake kitamu, Kiingereza chake kilikuwa cha kusalimia tu. Yeye ndiye alikuwa anatupatanisha tukigombania tipu.

Januari 2024 ulifanyika Munyonyo ule mkutano mkubwa wa Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote, na hoteli nyingi za upande wetu zilijaa, hata ndogo kama yetu. Vyumba vyote 34 vilikuwa na watu. Ofu zilifutwa. Vibarua wa siku waliletwa ambao hawakujua hata kitoroli kinasukumwaje. Tulikuwa tunakula tumesimama.

Siku ya nne mgeni wa ghorofa ya pili alishuka mapokezi akisema bahasha yake yenye dola 400 haipo. Aliyesafisha chumba chake alikuwa Yaya. Hakuna haja ya kuwaeleza zaidi, mnajua jinsi inavyokwenda. Supavaiza alimtoa chumba cha saba akiwa na glavu mikononi.

Walimweka ofisini kwa meneja. Mlango haukufungwa vizuri, na sisi tulikuwa koridoni, wanne. Maswali yalikuwa ya Kiingereza. Yaya akajibu Kifaransa, wakamwambia aongee Kiingereza. Akajaribu Kiswahili: "Miye sikukamata kitu ya mutu." Akarudia. Tulisikia mara tatu. Mmoja wetu anajua Kiingereza vizuri sana, alisoma Kampala, yupo hapa sasa hivi anakunywa chai na ndiye anayechapa. Alisimama hatua sita kutoka mlangoni. Hakuingia kutafsiri. Wengine hatukumsukuma aingie.

Mtu mmoja tu aliingia, yule mama wa Masaka. Alisema kwa Kiganda, halafu kwa Kiingereza chake, kwamba amefanya kazi na huyu mwanamke miezi saba na hajawahi kumwona hata na pini ya mgeni, na kwamba kabla ya kumshika mtu watafute kwanza. Wakamwambia arudi kazini. Wiki iliyofuata walimhamishia zamu ya usiku, na katika umri wake usiku si mchezo.

Yaya alipelekwa kituo cha polisi jioni ile. Alilala huko usiku mmoja. Mtoto wake wa miaka sita alilala kwa jirani, Katwe, na jirani alitupigia simu mara nne kuuliza mama yuko wapi. Tulimwambia amebanwa na kazi.

Hapa mwenzetu wa londri amekubali tuandike. Amesema tuandike vyote.

Asubuhi ile ya siku ya nne, koti la yule mgeni lilikuwa limeteremshwa londri. Kanuni ya londri iko wazi: kila nguo ya mgeni inapekuliwa mifuko yote, kinachopatikana kinaandikwa kwenye daftari na kusainiwa. Siku ile nguo zilikuwa mlima. Hakupekua. Koti lilikuwa la kufuliwa kwa dawa, na sisi hatuna mashine hiyo, kwa hiyo lilikwenda na gari kwa fundi wa nje pamoja na mengine. Aliposikia habari ya bahasha, koti lilimjia kichwani mara moja. Anasema lilimjia kama mtu kamgusa bega. Lakini kusema "kuna koti" ilikuwa ni kusema "sikupekua mifuko." Na kusema hivyo ilikuwa ni makato, au kufukuzwa, na nyumbani ana wadogo wanne wanaosoma kwa mshahara huo.

Usiku huo alituambia sisi. Tulikaa hapahapa Masajja, kwenye mkeka huu. Tukashauriana kama wazee. Tukasema tungoje koti lirudi, tuangalie kimya kimya, kama pesa zimo tutaziweka mahali zionekane. Tuliona ni akili. Hatukusema neno hata moja kwamba wakati tunangoja, mtu yuko ndani. Kila mmoja alilijua, hakuna aliyelitamka. Mmoja wetu alisema tu, "Yaya ana nguvu." Tukaitikia.

Koti lilirudi siku ya tatu. Bahasha ilikuwa mfuko wa ndani, upande wa kushoto. Fundi wa nje ndiye aliyeikuta, akaituma na dereva ikiwa imefungwa kwa pini. Dola 400 kamili. Mgeni aliomba radhi kwa meneja, siyo kwa Yaya, kwa sababu Yaya hakuwepo. Akaacha shilingi 50,000 za wafanyakazi, tukagawiwa. Tulizila. Meneja alisema Mungu mkubwa. Alipoulizwa na yule mama wa Masaka kama sasa Yaya anarudi, alisema nafasi yake imeshachukuliwa na mmoja wa wale vibarua, na kwamba kwa hoteli ni vizuri jambo hili liishe. Mshahara wa siku zake za Januari hakuulipa. Mwenzetu wa londri alipewa onyo la mdomo tu. Kumbe hata asingefukuzwa.

Baada ya hapo hatukuweza kukaa pamoja vizuri. Wawili waliacha kazi, mmoja akarudi Kyangwali kulima. Tuliobaki tulitabasamu. Mwezi wa pili wote tulitabasamu vizuri sana, nyota zikapanda, meneja akabandika zile nzuri ukutani.

Mfanyakazi mmoja wa shirika, si yule aliyeandika wiki mbili zilizopita, alituletea mazungumzo kuhusu kitabu cha mwanasosholojia Mmarekani Arlie Hochschild, *The Managed Heart*, cha mwaka 1983. Aliwachunguza wahudumu wa ndege. Anasema kutabasamu kwa kulipwa ni kazi kama kubeba mizigo, na kuna wanaobadilisha uso tu, na kuna wanaojilazimisha mpaka ndani wahisi kile wanachoonyesha, na wa namna zote mbili wanachoka. Tulisikiliza. Ilikuwa kweli. Lakini mmoja wetu aliuliza swali ambalo yule kaka hakulijibu: na uso wa kutokujua kitu, huo tunalipwa shilingi ngapi? Kwa sababu siku ile koridoni tulivaa huo.

Mei mwaka uleule tulihudhuria siku moja ya mafunzo ya sheria, pale Nsambya. Mwanasheria alitusomea Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006. Tulijua kidogo kwamba Sheria ya Wakimbizi, ya mwaka huohuo, inatupa haki ya kufanya kazi. Hii nyingine hatukuijua. Inasema mwajiri kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa la mwenendo lazima amweleze sababu kwa lugha ambayo mfanyakazi huyo anaielewa, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mtu mwingine aliyemchagua mwenyewe, akae pale wakati anaelezwa. Lazima asikilizwe, yeye na huyo mtu wake.

Mwanasheria aliendelea na kurasa nyingine. Sisi tulibaki pale. Mtu mwingine aliyemchagua mwenyewe. Tulikuwa wanne koridoni. Angechagua yeyote.

Wakati wa maswali tulieleza kisa, bila majina. Mwanasheria akauliza mtu huyo amefanya kazi muda gani, tukasema miezi saba. Akasema inatosha, wiki 13 zinatosha, angeweza kupeleka malalamiko kwa afisa wa kazi. Akauliza ilikuwa lini. Tukasema Januari. Akahesabu vidole, akatuangalia. Malalamiko ni ndani ya miezi mitatu.

Dada wa shirika, hapa tunakujibu wewe, na kwa heshima. Mafunzo yenu ya wiki mbili yalitufundisha kusimama, kutabasamu, kukunja kitambaa kama ua, kusema samahani kwa Kiingereza kwa njia sita. Hatukufundishwa kusema "sielewi lugha hii, naomba mtu wa kutafsiri." Hatukufundishwa kuomba mkataba wa maandishi, wala kusoma karatasi ya mshahara, wala kujua kama ile asilimia 5 ya NSSF iliyokatwa kweli imefika, na kama mwajiri ameongeza 10 zake. Mlipokuja kututembelea mlimuuliza meneja, "Vijana wanaendeleaje?" Akasema wana nidhamu. Mkaandika. Tungeomba safari nyingine mtuulize sisi, nje ya geti, na mtuulize mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza tutasema tuko salama.

Na meneja naye, tuseme ukweli, si shetani. Mwenye hoteli anamfuata na nyota kama yeye anavyotufuata na taulo. Nyota zikishuka na yeye anakatwa. Alituambia siku moja kwenye gari la wafanyakazi, amechoka, akiwa amevua tai. Mwezi wa sita tulimwendea wanne kwa pamoja, tukiwa na karatasi ya kurasa mbili tuliyoandika kwa Kiingereza. Tuliomba mambo machache. Daftari la londri lisainiwe na watu wawili, siku zikiwa na msongamano wa nguo aongezwe mtu. Glasi atakayevunja na kusema siku hiyohiyo asikatwe. Mtu akiitwa ofisini kwa kosa, aruhusiwe kuingia na mwenzake. Tulitetemeka. Anayechapa alisoma kwa sauti, na sauti ilimkatika mara mbili, akaendelea. Meneja alikubali la glasi palepale, kwa sababu aliona glasi zinapotea kuliko zinazovunjika. La daftari alikubali baada ya wiki. La tatu alisema atamuuliza mwenye hoteli. Hajarudi na jibu, lakini mara mbili tangu hapo mtu ameitwa ofisini na mmoja wetu akaingia naye bila kuomba, akakaa. Hakumtoa.

Kwa Yaya tulikwenda mwezi wa saba. Tungekwenda mapema tungekuwa watu bora. Anauza samaki wakavu na unga wa muhogo, Katwe, meza ndogo mbele ya chumba chake. Tulikuwa tumechanga shilingi 350,000, zikiwa na ule mgawo wa 50,000 tulioula. Alitukaribisha vizuri, akatuma mtoto kununua soda, ndivyo alivyo. Mwenzetu wa londri alimweleza habari ya koti mwenyewe, amepiga magoti chini, sisi hatukumwagiza apige magoti. Yaya hakujua kitu kuhusu koti. Miezi sita alikuwa anaamini kwamba mmoja wetu aliiba, na kwamba tulikuwa tunamficha mwizi.

Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akauliza kitu kimoja, akimwangalia yule anayejua Kiingereza. "Ulikuwa unasikia?" Akasema ndiyo. "Vyote?" Ndiyo. Yaya akatikisa kichwa, akasimama, akamhudumia mteja wa dagaa. Pesa alizichukua, akazihesabu mbele yetu, akasema mtoto atalipiwa shule. Hakusema yameisha.

Mdogo wetu wa Nakivale, ulitaka kujua nafasi zinapatikanaje. Hoteli yetu inataka watu wawili wa vyumbani kuanzia mwisho wa mwezi, na meneja ametuambia tumpelekee majina, anapenda watu wetu. La kwanza tumeandika la Yaya. Meneja amelitazama, hakulikata. Yaya tumemtumia ujumbe Ijumaa, ameusoma, alama mbili za bluu zipo. Hajajibu. La pili liko wazi, kama unakuja tuandikie, lakini kwanza tuambie Kiingereza chako kikoje, na kama ukiwa koridoni na mlango uko wazi kidogo, utaingia.